Chanjo Iliyongojea Siku ya Mgawo

Lea alipopunguzwa kazi katika idara ya mifugo pale Kilosa, alihamia Mikumi na cheti chake, sindano mbili za chuma na friji kuukuu. Ilikuwa miaka ya tisini. Serikali ilikuwa imejitoa kwenye biashara ya dawa za ng'ombe, na kila aliyejua kusoma lebo ya chupa alijaribu bahati yake. Lea alijua zaidi ya lebo. Duka lake, chumba kimoja kando ya barabara kuu, lilinuka dawa ya kuogeshea mifugo, na Wamasai wa mbugani walimwita daktari.

"Mimi si daktari," alisema kila mara.

"Ng'ombe hawajui hilo," alijibu Sapit, mzee mwenye ng'ombe themanini na maneno mengi kuliko ng'ombe.

Mwaka ule mvua zilikataa. Majani yalibaki upande wa Zombo tu, na huko homa ya mapafu ilikuwa imeshaingia kwenye mifugo. Sapit hakuwa na pa kulisha kwingine. Ilibidi ng'ombe wake wachanjwe kabla ya kwenda. Lea akaagiza chanjo Morogoro, wakapatana wakutane joshoni, ng'ombe wanapoogeshewa, siku ya Ijumaa.

"Usichelewe, mzee. Dawa hii ni kama maziwa, ikipata joto imekufa."

Chupa zilifika Alhamisi. Ijumaa Lea alikaa joshoni tangu asubuhi hadi jua la utosi, kikasha cha barafu magotini. Haukuonekana hata mkia. Akazirudisha chupa kwenye friji, akamtuma mtu wa baiskeli mbugani. Jibu lilikuja Jumapili: mzee anasema usiwe na haraka, atafika Jumanne.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi friji ilinyamaza. Redio ilikuwa imetangaza wiki nzima: bwawa la Kidatu limepungua, mgawo wa umeme unaanza. Mchana Lea alikimbilia kuomba barafu kwa Joha, jirani aliyeuza maji baridi.

"Barafu yangu imeshakuwa chai, dada," Joha alisema. "Umeme wenyewe unazaliwa hapo Kidatu, unatupita juu ya vichwa kama korongo, unakwenda Dar kupoza bia za watu."

Walisema utarudi jioni. Haukurudi. Lea akaifunika friji kwa blanketi, asithubutu kuifungua.

Jumanne mchana, joshoni, vumbi lilitangulia, kisha kengele, kisha Sapit mwenyewe, anacheka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Umeiona akili yangu?"

"Akili ipi?"

"Ijumaa umeme ulikuwa haujagawiwa bado. Redio ikasema mgawo ni Jumatatu. Nikasema, nisiwe mroho. Watu wachukue mafungu yao, friji ya daktari ishibe baridi, ndipo niende."

Lea alikaa juu ya ukuta wa josho.

Katika lugha nyingine nimesikia kukosa umeme kwa zamu kukiitwa kwa maneno makavu: kukatwa, kuzimwa, giza. Maneno hayo hayamdanganyi mtu. Kiswahili kililichagulia jambo hilo neno la nyama na sukari: mgawo. Enzi za duka la ushirika, aliyeitwa kwenye mgawo alirudi nyumbani na kitu, hata kama ni nusu mche wa sabuni. Na kwao Sapit, dume likichinjwa, kila rika lina fungu lake, na mgeni halali njaa. Mzee alikuwa amesikia vizuri kabisa.

Lea alimweleza. Sapit aliuliza mara mbili kama mgawo ule ni wa kunyang'anya. Wakaenda dukani pamoja, blanketi likaondolewa. Chupa zilikuwa vuguvugu kama zimetoka kwapani.

"Choma hivyo hivyo."

"Ni maji, mzee."

"Maji hayaui."

"Hayaui. Ila utaamini umewakinga, utawachanganya na wagonjwa wa Zombo."

"Nisipowapeleka Zombo watakula nini? Blanketi lako?"

Chanjo nyingine, Morogoro walisema, ni baada ya miezi miwili, umeme ukiruhusu. Akazifungua chupa moja moja, akazimwaga mbele ya mzee, asije akaziomba tena, wala yeye mwenyewe asije akashawishika kumpa. Sapit alitazama kioevu kile kikinywewa na vumbi kama mtu anayeona maziwa yakimwagwa.

"Daktari mzima," alisema polepole.

"Nilikwambia mimi si daktari."

Walirudi joshoni. Ng'ombe walikuwa wamegeuzia vichwa upande wa Zombo bila kuambiwa, njaa ikiwaongoza. Mtamba mmoja akakohoa.

"Vumbi," alisema Sapit.

Akakohoa tena, shingo ameinyoosha.

"Vumbi hilo, siyo?" Mzee alimgeukia Lea, akangoja.

"Labda, mzee," alisema Lea.

Sapit akapiga mluzi, na kundi likaanza kwenda.