Viganja vya Darasa la Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chuo kimoja cha ualimu pale Sumbawanga, Mkuu wa Taaluma alinikabidhi boksi la chaki. "Utafundisha saikolojia," alisema. "Usijitese. Mwanachuo akijua fasili, kafaulu."

Basi tukawapima hivyo. Kichocheo ni kile kinachomgusa mtu. Mwitikio ni anachofanya akiguswa. Kujifunza kwa kuhusisha walikueleza kwa mfano mmoja tu: mbwa anayetokwa na mate akisikia kengele, kwa kuwa amezoea kuletewa nyama kila inapolia. Ungewaamsha usingizini wangekutajia mbwa huyo.

Mwanachuo wangu mmoja, Deo, aliongoza mtihani ule. Alipopangiwa Milepa, kule bondeni kwenye joto, kwa mazoezi ya kufundisha, nilishuka kumkagua nikiwa na furaha ya mkulima mwenye shamba lililostawi. Alifundisha vizuri. Darasa la tatu lilikuwa kimya mno, nikadhani ni adabu. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu, funguo zangu za nyumba zikalia.

Watoto wote wakanyoosha mikono, viganja juu, macho wamefumba.

Jamani! Hakuna aliyewaamuru, wala fimbo sikuiona.

"Deo, hii nini?"

"Wamezoea tu, mkufunzi. Fimbo zinakaa kabatini. Nikishika funguo zake wanajua."

"Kujifunza kwa kuhusisha ni nini?" nilimwuliza.

Akaitoa fasili yote bila kukosa.

"Mfano?"

"Mbwa, mkufunzi."

Nilikataa kumpitisha. Mkuu wa Taaluma alikuja juu. "Unamfelisha kijana bora wa chuo? Mtihani si kajibu?"

"Kajibu, mkuu. Twende Milepa ukaone mwenyewe."

Alikwenda, akajionea. Deo akaamriwa kurudia mazoezi darasa lile lile, bila fimbo. Alijua kwa fasili kwamba hofu huzimika kichocheo kikija mara nyingi bila adhabu. Sasa ilibidi aizime yeye.

Niliporudi muhula ulipokaribia kwisha, alitikisa funguo mbele yangu kwa makusudi. Watoto wakaendelea kuandika. Uso wake uling'aa, nami moyo ukanitulia. Kisha akamwita ubaoni Kabula, binti wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga. Binti alipata hesabu yake. Deo akamnyooshea mkono kumpongeza.

Kabula akageuza kiganja juu, akafumba macho.

Deo aliketi sakafuni, akalia mbele ya darasa zima. Sijapata kuona mwalimu akilia vile, na mshtuko ule haujanitoka.

Siku hizi nimestaafu, nalima maharage Mwimbi. Vijana wa chuo hunipitia. "Shikamoo mzee. Mtihani wa saikolojia utatoka wapi?" Nawaambia wasome fasili, maana bila hizo hawafaulu. Halafu nawasimulia kwamba Deo nilimpitisha palepale, akiwa sakafuni, bila kumwuliza hata fasili moja. Wananisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha mmoja anafungua daftari na kuuliza tena mtihani utatoka wapi.