Mwepesi Mwenye Mgongo Mgumu

"Umejuaje kama mgongo wake mgumu? Ulimgusa wapi?"

Mama Pini aliuliza hivyo pini zikiwa zimejaa mdomoni, na hakumeza hata moja. Ndivyo alivyolipata jina lake. Mguu haukutoka kwenye pedeli ya cherehani, na kwa hasira aliyokuwa nayo, suruali ya mteja iliyoletwa kupunguzwa kidogo tu ikaishia kuwa kaptura.

Mumewe, kinyozi, alisimama katikati ya chumba, nywele za watu zikiwa zimemtapakaa mabegani. "Mke wangu, nisikilize basi."

"Nilishakusikiliza dirishani! Upo uani, simu sikioni, unachekacheka. Ukasema huyu mwepesi ila mgongo mgumu, yule laini mbele na nyuma ila mzito. Halafu ukauliza, kwa mtu anayeanza, amchukue yupi? Unaanza nini, baba watoto? Mimi umeshanimaliza?"

Kinyozi akafanya kosa kubwa: akacheka. Pini zikamtoka mkewe mdomoni kama risasi. Moja ilichoma dari, na mpaka leo mjusi wa nyumba ile huanikia mkia pale.

"Baiskeli, mama! Nazungumzia baiskeli za mlimani!"

"Baiskeli ni hii na ile. Huyu na yule ni watu. Shule sikukanyaga, lakini hapo hunidanganyi."

"Pale kwa fundi wote tunasema hivyo. Ukishaipenda, inakuwa kama mtu."

"Kumbe umeshapenda!"

Kinyozi akanyakua chaki ya kushonea, akachora magurudumu juu ya kitambaa cha mteja. Akaeleza, jasho likimtoka. Kuna zenye springi mbele tu; nyuma chuma kitupu, kila jiwe linakusalimu makalio, lakini kupanda nazo kilima ni rahisi na hazina mengi ya kuharibika. Kuna zenye springi mbele na nyuma. Unateremka korongo kama umelala kitandani, ila kupanda ni kubeba kabati. Kuna na zenye matairi manene kama mito, za mchangani.

"Na anayeanza?"

"Huyu wa springi ya mbele. Ukikosea njia, mwili unakwambia hapo hapo."

Mama Pini akamtazama. Mwanamume huyu alijua uzito wa chuma asichokimiliki, na yeye alikuwa amesuka nywele upya tangu juzi, ameketi mbele yake, hajaambiwa lolote. Moyo ukamchoma kuliko pini.

"Mwepesi, mgongo mgumu," akasema. "Si ndiyo mimi huyo? Mbona mimi hujawahi kunisifia hivyo uani?"

Kinyozi akairudisha chaki mezani.

"Basi sikia. Pedeli hii nimeipiga tangu unioe na sijafika hata kona ya barabara. Ukipanda kilima, tunapanda wote. Nami nataka wangu, na awe mzuri kuliko wako."

"Haya, mama. Nitamwambia fundi."

"Na huyo fundi unayecheka naye simuni, ni mtu wa umri gani?"

Kinyozi akaanza kupangusa mabega. "Mtu mzima tu. Mkongwe wa kazi."

"Ana mvi?"

"Mvi... sijamtazama kichwa."

"Kinyozi, hujamtazama kichwa?"

Cherehani ikanyamaza. Mama Pini akashusha mguu, akainuka polepole, mkasi mkononi. "Baba watoto, huyo fundi ni mwanamume au ni—"

Gurudumu likausukuma mlango. Nyuma yake akaingia binti aliyevaa ovaroli, grisi shavuni, na chini ya grisi kishimo cha kucheka.

"Hodi humu! Kaka, nimekuletea yule mwepesi wako. Nikasema nije naye mwenyewe, umshike kwanza ndio..."

Akauona mkasi.