Mikanda Minne ya Jabiri

Somoe wa Temeke hakumwamini mtu. Nazi ikiuzwa rahisi, anaitikisa mara tatu. Basi mwaka ule wa hamsini na nne, mumewe Jabiri alipoleta nyumbani mikanda minne ya ngozi, kila mmoja umeshonewa bamba la chuma, Somoe akaikagua. Miwili ya mikono, miwili ya miguu.

"Ya kumfunga nani hiyo?"

"Ya mashine ya daktari tunayounda. Inachora mapigo ya moyo kwenye karatasi."

Loo! Moyo uchorwe! Siku hizo mtaa mzima ulikuwa ukinong'ona habari za mumiani, wanaonyonya watu damu wakaiuze. Lisemwalo lipo. Na Jabiri alikuwa amekonda. Somoe akaingiwa na hofu kwamba mumewe ndiye anayenyonywa.

Asubuhi akajitanda khanga, akamfuata hadi karakana, akasukuma mlango bila hodi. Jabiri kalazwa kifua wazi, kafungwa mikono na miguu, nyaya zinamtoka zinaingia kwenye sanduku lililojaa taa za vioo kama zile za ndani ya redio. Pembeni yupo Leodegar, Mhaya aliyejifunza ufundi jeshini, na bisibisi mkononi.

"Mnamuua mume wangu!"

"Shemeji, tulia. Hivi vilivyo chini ya mikanda ni vitambaa vya maji ya chumvi tu. Tunaijaribu mashine, nayo imetushinda."

Akamwonyesha karatasi. Sindano ya moto ya mashine ilichora vilima viwili vitatu vizuri, kisha kimoja kikakosekana. Wiki tatu wamebadilisha taa, wamechomelea nyaya upya, wapi! Na kila mara aliyelala ni Jabiri, maana alishikilia kuwa fundi hujaribu kazi yake mwenyewe.

"Uongo mtupu. Nifungeni mie! Nikiona tone la damu, Temeke nzima itawasikia."

Wakamfungua Jabiri, wakamfunga yeye. Kilima, kilima, kilima, vyote sawasawa. Somoe akacheka kwa ushindi.

"Mbona yangu inachora vizuri? Nyie hamjui kazi tu!"

Leodegar akailaza karatasi ya Somoe kando ya ile ya Jabiri, kisha akaweka bisibisi chini.

"Jabiri ndugu yangu," akasema, "mashine ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza."

Somoe akataka kuinuka amshike mumewe. Mikanda ikamzuia. Kwenye karatasi, vilima vyake vikaanza kukimbia.