Goti la Karani wa Masijala

Aliyeleta habari alikuwa dereva wa meneja. Alfajiri ile alikuwa amekwenda hotelini kumchukua mwekezaji, akamkuta yuko barabarani, amevaa kaptura, anakimbia.

"Na hakuna anayemfukuza," dereva alituambia, funguo za gari zikiwa bado mkononi. "Nimeangalia nyuma yake vizuri. Hakuna hata mbwa."

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yakiuzwa moja baada ya jingine, na zamu ilikuwa imelifikia la kwetu, lililokuwa likisambaza majembe, mbolea na dawa za mifugo kwa wakulima wa huku kaskazini. Kila mtu alijua kwamba mwekezaji huyo, ndiye mnunuzi wetu, hatachukua wafanyakazi wote. Hakuna aliyejua atawachagua vipi. Kwa hiyo tuliipokea habari ya dereva kwa mikono miwili. Saa nne ilikuwa kwamba mwekezaji anapenda mazoezi. Saa sita ilikuwa kwamba hawapendi wanene. Tulipofunga ofisi jioni ilikuwa imeshathibitishwa, sijui na nani, kwamba atatupanga uwanjani na kutukimbiza, na watakaobaki nyuma ndio watakaopunguzwa.

Mimi nilikuwa karani wa masijala, chumba cha majalada. Kila barua iliyoingia ilipita mikononi mwangu, nikaiandika kwenye rejista, nikaipa namba, nikaiweka kwenye jalada lake. Za siri zilikuja zimepigwa lakiri, ile nta nyekundu ya muhuri, na hizo sikuzifungua hata siku moja. Niliandika tarehe na namba ya bahasha, basi, nikaiweka kwenye droo ya chini kabisa ya kabati la chuma. Ufunguo wa droo hiyo niliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Nilikuwa najivunia hilo kuliko cheti changu cha ndoa. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba tarehe ya mwisho wa dunia ingekuwa imeandikwa mahali, basi ingekuwa kwenye droo yangu, na mimi ningekuwa sijaisoma.

Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Watoto wetu watatu walikuwa wakisoma kwa mshahara wangu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilikimbia kwa ajili ya afya.

Meneja alitangaza kwamba kuanzia Jumatatu wafanyakazi wote watakutana saa kumi na mbili asubuhi kwenye mnara wa Azimio la Arusha. Yeye mwenyewe alikuja na suti ya michezo ya bluu iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Mimi nilikuwa nimenunua raba za mtumba soko la Kilombero, za kiume, kisigino cha kushoto kimelika upande mmoja. Aliyezivaa kwanza huko Ulaya lazima alikuwa na matege. Juu ya suruali nilifunga kanga, maana mume wangu alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka maswali. Basi tukakimbia, watu arobaini hivi, tukiuzunguka mnara na kushuka na lami, kila mmoja akimtazama mwenzake pembeni aone nani anahema. Mhasibu alihema sana. Tulimhurumia, na nakiri kwamba pia tulifurahi.

Wiki ya tatu goti langu la kulia lilivimba likawa kama kiazi. Kupanda ngazi lilikuwa linasaga, kushuka lilikuwa linachoma. Lakini kulala kitandani na kusema naumwa goti, katika wiki zile, kulikuwa sawa na kujiandikia barua ya kuachishwa kazi kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia meneja kwamba mimi sasa nakimbilia huko huko nyumbani, kwa sababu ya watoto. Nikawa nafika ofisini kabla ya watu wote ili nipande ngazi peke yangu, kama mtoto mdogo, mguu mmoja ukisubiri mwingine.

Tatizo kubwa lilikuwa droo ya chini. Nilikuwa siwezi kuchuchumaa. Meneja akitaka jalada la siri, nilikuwa namjibu, "Nitakuletea baada ya chai, bosi," kisha nafunga mlango, nakaa sakafuni mzima mzima, navuta droo, halafu natafuta namna ya kunyanyuka. Kulikuwa na siku nilinyanyuka kwa kupanda rafu za mbolea, yaani za majalada ya mbolea, moja baada ya nyingine.

Jirani yetu pale Levolosi alikuwa nesi mstaafu, mama wa Pangani aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini. Nilimwendea jioni, nikampa shikamoo, nikavuta gauni, nikamwonyesha.

"Marahaba. Nani kakutuma kukimbia kwenye lami, mwanangu? Wewe swala?"

"Kazi, mama."

Aliligusa goti, akalikunja, akalikunjua, akasikiliza. Akasema halijavunjika kitu. Halitaki kutwangwa, na kulilaza kabisa halitaki vilevile. Linalobeba goti ni msuli wa paja, na wa kwangu ulikuwa umelegea kwa kukaa kitini miaka kumi na tisa. Kuruka nisiruke, kukimbia nisikimbie. Nitembee ndani ya maji, maana maji humpunguzia mtu uzito.

Kwa mama wa Pangani, maji ni neno jepesi. Mimi nilikuwa Arusha. Bwawa la kuogelea lilikuwa hotelini kwa watalii, na mto wetu una mawe. Nikakumbuka mfereji wa kwa wakwe zangu, Wameru, juu mlimani, unaopita chini ya migomba yao. Jumamosi nikapanda huko, nikakunja kanga, nikaingia hadi magotini. Maji yale yanatoka kwenye msitu wa Meru na hayajawahi kusikia habari za jua. Lakini baada ya dakika chache goti lilinyamaza kabisa, nikaanza kutembea juu na chini, juu na chini, nikiimba.

Nilikuwa nimesahau kwamba mfereji una wenyewe. Siku ile ilikuwa zamu ya watu wa chini kumwagilia, nao walikuwa wanaletewa tope. Wazee wanne wa mfereji walifika wakiwa na fimbo zao, wakasimama ukingoni. Niliwapa shikamoo nikiwa majini.

"Marahaba. Mke wetu, umepoteza kitu humo?"

"Hapana, baba. Natembea."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote."

Walitazamana. Nadhani kama ningesema naiba maji wangenielewa, maana wizi wa maji una faini yake inayojulikana. Kutembea ndani ya mfereji bila kwenda popote hakukuwahi kutokea, na ilibidi wakae chini palepale kulijadili jambo hilo. Mwisho waliamua kwamba ni wizi wa maji wa aina nyingine, kwa kuwa nimeyatumia bila kuyachukua. Faini ikawa debe la pombe ya ndizi, na aliyepaswa kulipa ni baba mkwe wangu, mlokole asiyegusa hata togwa. Alilipa bila kunitazama. Baadaye mama mkwe alimwita mwanawe pembeni, akamuuliza kama kwa watu wangu huko Machame kuna wengine wenye hali kama ile.

Nesi alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema, basi, nitembee nchi kavu, mahali tambarare, ila kinyumenyume. Nikadhani ananidhihaki. Akasema anayetembea kinyumenyume hutua kwa vidole kwanza, na goti halipati kishindo.

Mahali tambarare pa kweli pako chini huko, Terrat, na sisi tulikuwa Levolosi. Tulipata kipande cha barabara ya vumbi kisichoinama sana, mume wangu akakubali kuwa macho yangu. Kila alfajiri nilitembea kinyumenyume, yeye akinifuata akinitazama usoni, akisema, "Shimo kushoto. Ng'ombe. Simama, ng'ombe wengi." Katika miaka kumi na saba ya ndoa hatukuwa tumewahi kutazamana muda mrefu namna ile. Alinieleza mambo ya shuleni kwake ambayo sikuwahi kuyauliza. Niliyapenda matembezi yale, na nilikuwa naona aibu kuyapenda.

Kilichotushinda ni salamu. Mtu anayetembea kama binadamu humwona mzee kwa mbele, akajiandaa, akampa shikamoo yake wakikutana. Mimi wazee nilikuwa nawaona wakishanipita. Kila mzee aliyekuja kwa nyuma yangu aliona mgongo wa mwanamke unaomjia bila adabu, na nilipokuja kuuona uso wake tulikuwa tayari tunaachana. Nilikuwa nasema shikamoo huku nazidi kwenda mbali. Mzee mmoja mwenye koti refu alisimama.

"Binti, mbona unanisalimia kama unaniaga?"

Mume wangu alijaribu kueleza kuhusu msuli wa paja. Haikusaidia. Ilipofika Jumapili mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mke wa mzee wa kanisa anatembea kinyumenyume alfajiri, na kila mtu anajua ni watu gani wanaotembea hivyo. Mchungaji alikuja nyumbani na Biblia. Nilipandisha gauni kidogo nikamwonyesha goti. Aliliombea, akanywa chai, akaniomba nitembee mbele kama Wakristo wengine.

Likabaki zoezi la mwisho la nesi, la kukaa kitini na kunyoosha mguu ukiwa na uzito kifundoni, polepole, mara kumi na tano, asubuhi, mchana na jioni. Nilichukua kilo ya sukari, nikaishona ndani ya soksi ya mume wangu, nikawa naifunga mguuni chini ya meza ya masijala. Niliandika barua zilizoingia kwa mkono, na kwa mguu nikawa nanyanyua sukari. Meneja alikuwa anasimama mbele yangu ananieleza mambo ya majembe na mimi nahesabu moyoni kumi na moja, kumi na mbili.

Siku moja aliacha kuongea, akatazama sakafuni. Mstari wa sisimizi ulikuwa umeingia mlangoni, ukapita katikati ya miguu yake, ukaingia chini ya meza yangu.

"Masijala kuna nini?"

"Majalada ya zamani, bosi."

Alikubali kwa kichwa, kama mtu anayejua majalada ya zamani yalivyo. Yeye alikuwa anakimbia bado kila siku. Suti ya bluu ilikuwa imeanza kumpwaya.

Miezi miwili ikapita. Mwekezaji akarudi.

Ofisi nzima ilikuja imevaa raba. Wanaume walikuwa wamevaa kaptura ndani ya suruali, unaziona zimetuna mapajani. Tulipanga foleni koridoni, mwekezaji akapita, akatutazama miguuni, akamuuliza meneja jambo kwa Kiingereza. Meneja alitazama raba zake mwenyewe. Baadaye tulijua alikuwa ameuliza kama leo tuna mechi.

Hakuna uwanja tuliopelekwa. Meneja alitoka ofisini kwake, akaniita mbele ya wote. "Mama, kuna bahasha ya siri iliyotoka makao makuu, leo wamepiga simu ifunguliwe mwekezaji akiwepo. Ilete sasa hivi."

Sasa hivi, siyo baada ya chai. Mlango wa masijala ulikuwa wazi na foleni yote ilikuwa inanitazama. Nikavua ufunguo shingoni, nikasimama mbele ya kabati. Nikachuchumaa.

Goti halikusema kitu. Nilishuka hadi chini, nikavuta droo, nikaipata bahasha, nikanyanyuka bila kushika rafu. Nilijisikia furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Nilitamani mama wa Pangani angekuwepo, na wazee wa mfereji wote wanne. Nilikwenda kwenye rejista kuandika kwamba bahasha inatoka, kama utaratibu unavyotaka, nikaona mstari nilioandika siku ilipoingia, kwa mwandiko wangu mzuri. Bado nilikuwa natabasamu. Sikuwa nimefikiria tarehe ile ina maana gani.

Meneja alivunja lakiri, akasoma kwa sauti. Yalikuwa majina ya watakaopunguzwa. Mhasibu hakuwemo. La kwangu lilikuwa la sita. La mwisho lilikuwa la meneja mwenyewe, na alilisoma kwa sauti ileile, na cheo chake, kisha akaigeuza karatasi aone kama nyuma kuna kingine.

Dereva ndiye aliyeuliza. Hata yeye alikuwa ametajwa. "Hiyo barua imefika lini?"

Wote waligeuka kunitazama, maana hilo ni swali la masijala.

"Wiki mbili kabla hatujaanza kukimbia," nikasema.

Mchana ule niliandikisha barua zetu zote za kuachishwa kazi kwenye daftari la kukabidhi, kila mtu akasaini yake. Ya kwangu nilijikabidhi, nikasaini mahali pa aliyetoa na mahali pa aliyepokea. Nikachuchumaa tena, nikaweka nakala kwenye droo ya chini, nikafunga. Ufunguo nilimpelekea meneja. Akaushika muda mrefu, akasema yeye naye hajui amkabidhi nani.

Nilishuka ngazi mbele ya watu, mguu baada ya mguu, bila kushika ukuta. Mume wangu alikuwa getini. Alikuwa ameomba ruhusa shuleni, amesimama pale tangu saa saba, maana alijua leo ndiyo leo. Aliniangalia nikishuka ngazi ile ya mwisho, uso ukamng'aa.

"Goti vipi?"

"Limepona," nikamwambia, nikaanza kulia.