Felismina na Wingu la Unga

Tangu macho yake yazimike kabisa, Felismina hakuwa akitoka nje jioni. Zamani watu wa kijiji cha Kitaya walimjua kwa kukaa juu ya dungu la shambani na mumewe, marehemu Arsenio, wakilinda mpunga usiliwe na viboko wa Ruvuma, na huku wakitazama nyota. Presha ya macho ilipomaliza kazi yake, alisema hana tena shughuli na anga.

Likizo ya Juni akaja bintiye Elsa, mwalimu wa fizikia mjini Mtwara. Walikuwa jikoni wakichekecha unga wa muhogo.

"Elsa, nyota bado zipo?"

"Zipo, mama. Na nyingine zinazaliwa."

"Zinazaliwa? Na nani?"

Elsa alicheka, kisha akatandaza unga kwenye ungo na kuushika mkono wa mama yake. "Hili ni wingu la gesi na vumbi. Katikati kuna kundi la nyota kubwa, za moto mkali. Mwanga na upepo wake vinalisukuma wingu. Hebu puliza hapa kati."

Felismina akapuliza, akapapasa. Katikati patupu, kando unga umejikusanya kama tuta.

"Hapo wingu limebanana. Likizidi kubanana, linajiangukia kwa uzito wake, linapata joto, mwisho linawaka. Ndiyo nyota mpya."

"Na unga huu ulioniingia puani?"

"Huo umetawanyika tu, mama. Si wote wenye bahati."

Felismina aliacha kidole kwenye tuta. "Kundi lenyewe ni Kilimia, zile nyota za wakulima?"

"Siyo Kilimia. Liko mbali mno, macho hayafiki."

"Hata yako?"

"Hata yangu."

"Basi leo tuko sawa. Nitolee mkeka."

Walilala chali uani, jua limezama punde tu, ardhi ingali na joto. Elsa akataja kila nyota iliyochomoza, mama akaitikia, mpaka ikawa kama yeye ndiye anayeziita. Mwili wa Felismina ukawa mwepesi. Alihisi anaelea ndani ya weupe laini usio na mwisho, na pembeni mwake kitu kinaanza kupata joto.

Elsa aliporudi kazini, jirani yao Saida akashika zamu ya kumtajia nyota. Yeye fizikia hakuijua.

"Leo zimejaa, dada," alisema.

Felismina akamwomba aanzie upande wa baharini, zinakochomozea.