Matanga ya Mashine

Kila nilipofika kijijini Wamaza, kabla ya kunywa hata maji, nilikwenda kwanza nyuma ya nyumba kusafisha kaburi la baba mkubwa. Nilikuwa nang'oa majani, nafuta vumbi kwenye jiwe la kichwani, kisha nakaa. Mara nyingine nililia. Nimezunguka sana maishani mwangu, Kalemie, Bukavu, Kindu, halafu Kalemie tena, na popote nilipolala nilimkumbuka yeye na karakana yake iliyoezekwa majani, harufu ya mafuta na chuma cha moto, na mguu wake ukikanyaga mashine.

Ilikuwa mashine ya kukereza vyuma, ndogo, ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Aliikuta imetupwa kwenye mabaki ya kiwanda cha pamba kilichokufa, kutu imeila, gia hazina meno. Aliichukua kama chuma chakavu, akaifufua pole pole, akachonga gia mpya kwa tupa. Ekseli za baiskeli, shafti za vinu vya kusaga, vyote watu wa pande zile walivifuata kwake.

Mimi nilipochoka kuzunguka, nilipanga kibanda Kasongo, karibu na soko, nikaanza kutengeneza vinu vya mihogo na mpunga. Nilikosa kitu kimoja tu, mashine ya kukereza. Shafti ikilika ilibidi niitume Kindu, na mwenye kinu hangoji, anaenda kwa mwingine. Nilijua kabisa kwamba nisipopata mashine nitafunga kibanda na kurudi barabarani, na safari hii sikutaka.

Nikaanza kuitafuta kwenye vyuma vikuukuu. Huko nilishtuka kwa mara ya kwanza. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wamepita kila mahali. Nilikuta watu wanapiga kwa nyundo kubwa mwili wa mashine kama ile, mzima, usio na hata ufa, wauvunje vipande upate kuingia kwenye lori. Nikauliza kwa nini wasiuuze hivyo hivyo. Mmoja akanijibu bila kusimamisha nyundo kwamba ukiwa mzima ni mzito kupakia.

Nilipanda pikipiki kwenda Wamaza nikiwa bado nasikia zile nyundo. Mama mkubwa, mjane wa baba mkubwa, alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo, mlangoni. Nilimweleza niliyoyaona, kisha nikamuuliza kama aliwahi kujua mashine ya mume wake ilichukuliwa na nani wakati wa vita. Siku zote niliamini iliporwa. Aliendelea kuchambua majani yake.

“Kila ukikuja unaenda kulia kule nyuma,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Baba, unalilia chuma.”

Sikuelewa. Alilazimika kunieleza kama mtu anayemweleza mgonjwa. Wenye bunduki walikuwa wanamtafuta fundi awatengenezee magari yao, na mafundi waliochukuliwa hivyo hawakuwa wanarudi. Mashine nayo waliitaka. Basi ndugu wakatangaza kwamba fundi amekufa kwa homa. Waliipaka mashine mawese mazito, wakaifunga kwa turubai, wakaitia kwenye sanduku, wakaizika mchana mbele ya watu wote. Mama mkubwa alijigaragaza chini. Watu walikuja kulala matanga, wakala, wakaimba. Hata wale wenye bunduki walisimama kando ya njia, wakavua kofia sanduku lilipopita. Baba mkubwa alikuwa amejificha shambani kwenye mihogo, akisikia watu wanavyomlilia. Usiku ule aliingia msituni kuelekea ng'ambo ya mto Luama.

Huko homa ilimkamata kweli. Habari ilifika baadaye, pamoja na shati lake. Kaburi lake liko wapi, hakuna aliyeweza kusema.

 Nilimuuliza kwa nini hawakufanya matanga ya kweli. Akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua desturi. Matanga yake yalikuwa yamekwisha kulalwa. Mtu halaliwi matanga mara mbili. Na kama angelia upya, wenye bunduki waliokuwa bado hapo wangeuliza anamlilia nani. Kwa hiyo alikwenda nyuma ya nyumba, akamlilia pale pale, juu ya mashine. Miaka yote hiyo hakuwa na mahali pengine.

“Chimba,” akasema. “Wale watu wa nyundo watafika na huku. Lakini ukiitoa, mimi nitabaki na shimo.”

Sikulala vizuri. Ningeweza kuiacha, na kibanda changu kife. Asubuhi yeye ndiye aliyeniletea jembe, pamoja na jirani mmoja mzee, mmoja wa waliobeba sanduku lile. Mzee huyo alifurahi kuliko ilivyofaa.

“Maiti ile ilinivunja mugongo,” aliniambia. “Kila nikiinama namukumbuka marehemu.”

Mama mkubwa alimwambia achimbe, la sivyo mdomo wake utazikwa humo humo. Mzee akachimba.

Sanduku lilikuwa limeoza. Turubai ilichanika mikononi. Chini yake mawese yalikuwa yameganda, meusi, magumu kama sabuni, na nilipokwangua kwa kisu, chuma kiling'aa. Niliutoa mkono haraka kama mtu aliyegusa ngozi yenye joto. Nilikuwa nimejiandaa kuona kutu. Mzee naye akaacha utani.

Mama mkubwa alishuka mwenyewe. Alipapasa mpaka akapata kipini cha mti cha kuzungushia gurudumu dogo la mbele, kilicholika kwa kiganja cha baba mkubwa mpaka kikawa na umbo la kiganja hicho. Akaniomba nikitoe. Nilikifungua, nikampa. Akakifunga ndani ya lile shati la mume wake, ambalo sikujua kwamba alikuwa amekuja nalo kiunoni, akakilaza chini ya shimo.

“Sasa iko mutu humu,” akasema. “Fukia.”

Tuliipeleka mashine Kasongo vipande vipande juu ya pikipiki. Niliiosha kwa mafuta ya taa, nikabadilisha mkanda, nikachonga kipini kipya cha mvule. Mpaka leo hakijakaa vizuri mkononi.

Siku mashine ilipozunguka vizuri, mama mkubwa alinipigia simu kuniuliza inalia namna gani. Nikaiweka simu juu ya meza ya mashine, nikakanyaga, chuma kikaanza kukwaruza kile kilio ninachokijua tangu utoto. Nilikanyaga kwa muda. Nikaichukua simu huku bado nakanyaga.

“Mwache apumzike kidogo,” alisema.

Nikaondoa mguu. Gurudumu liliendelea kuzunguka lenyewe, nami nikabaki nimeshika simu, nikiogopa kuligusa.