Mstari wa Masale

Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, kiongozi wetu alifunga kamba kwenye mgomba wa mwisho wa bibi yangu, akaivuta hadi kijitoni, akaniambia nipande masale kuifuata.

Tulikuwa wanafunzi tisa wa kujitolea, huko Mwika, tukirudisha mimea ya asili ukingoni. Wiki mbili nzima tulikuwa tumeng'oa magugu ya kigeni mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wenzangu walipanda mikuyu. Mimi, kwa kuwa si muongeaji, nikapewa masale. Kiongozi ni kaka mmoja kutoka Kahe. Kwao tambarare masale ni majani tu. Mimi nilijua. Kila Mchaga anajua: masale yakisimama mstari, hapo ni mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Na kamba ilikuwa imekata ndani ya kihamba cha mzee jirani wa bibi. Nilijua, ila nikaona aibu kumsahihisha mtu mbele za watu. Nikachimba.

Saa sita mzee akaja na panga. Nikamwamkia, hakuitikia. Akayahesabu masale kwa ncha ya panga, moja hadi kumi na moja, kisha akaniuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele:

"Bibi yako amekutuma unipimie shamba?"

Kiongozi akaingilia, eti haya ni mazingira, babu, mti hauna mwenyewe. Mzee akamcheka. Akasema wezi wa siku hizi wanakuja na fulana zinazofanana. Akanigeukia tena.

"Kesho nikitoka misani nikayakuta, nafyeka yote. Na hiyo mikuyu yenu."

Mwenzangu mmoja akaniuliza kama mdomo wangu nimeuacha nyumbani kwetu Rau. Nikamchukia. Nikamchukia mzee, nikamchukia na kaka na kamba yake.

Jioni bibi alikuwa mkali zaidi. Hakuuliza nani alinituma. Aliuliza nani alishika jembe. Miaka yote, akasema, yeye na huyo mzee wamegombania mbuzi, maji ya mfereji, hata kivuli cha mparachichi, ila mpaka haujawahi kuguswa. Akanikumbusha kwamba anayeomba msamaha kwa jani la isale hakataliwi, lakini jani hupelekwa na mkosaji mwenyewe, kwa mkono wake. Nikamwambia aliyekosa ni kaka.

"Yeye hakujua," bibi akasema. "Wewe je?"

Jumapili, kabla ya misa ya kwanza, nilishuka peke yangu. Niling'oa masale yote kumi na moja, nikafukia mashimo, mikuyu nikaiacha. Nikachuma jani moja, nikalifunga fundo kama bibi alivyonionyesha, nikaenda kumngoja mzee getini kwake. Akatoka na tai yake ya misa. Nikamnyooshea jani.

"Nilijua ni mpaka, babu," nikasema. "Nikapanda."

Akalipokea jani, akalitia mfukoni mwa koti bila kunitazama, akapita. Nikarudi kijitoni kumwagilia mikuyu.